Kabla Hujamwita Samaki Jina

Haya niliyasema Jumamosi moja asubuhi mbele ya vijana wanaovua kwa ndoano kwenye miamba ya Ziwa Victoria, upande wa Mwanza. Hapakuwa na kipaza sauti, na katikati ya maneno samaki alinasa ikabidi tusimame. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka.

Ndugu zangu, itifaki imezingatiwa. Mwenyekiti wenu amenipa nusu saa, na kwa namna mnavyoangalia viboya vyenu huko majini naona hata hiyo nusu saa ni ya kukopeshwa.

Wiki tatu zilizopita mmoja wenu alinitumia picha usiku. Simtaji, maana yupo hapa na ameshaanza kuinamisha kichwa. Chini ya picha aliandika: "Mzee, shikamoo. Nimepata samaki ambaye humu ziwani hayupo." Nikavaa miwani. Samaki mwenyewe ni wa urefu wa kiganja, rangi ya kahawia, mabaka mabaka mwili mzima kama chui. Kabla sijajibu, wenzake walikuwa wameshatoa hukumu zao. Wa kwanza alisema ni mseto wa sato na kambare. Wa pili akasema ametoroka kwenye vizimba vya wafugaji. Wa tatu, ambaye ndiye aliyenifurahisha zaidi, aliapa kwamba bibi yake alikuwa akimla zamani ila jina limemtoka.

Nilimuuliza kijana maswali matatu. Ana magamba au ngozi tupu? Pezi la mgongoni ni moja lililonyooka, au limekatika katikati kama mawili? Mkia umechongoka, una panda, au ni wa mviringo? Akajibu: magamba, limekatika, mviringo. Nikamwambia, mwanangu, huyo ni sangara. Ni mtoto. Sangara akiwa mdogo huwa na mabaka hayo, akikua yanafutika anabaki na ule weupe wa fedha mnaoujua kwenye soko la samaki la mwaloni Kirumba. Nikamuuliza yuko wapi sasa. Kimya kidogo, kisha: "Tumemkaanga, mzee."

Mnacheka, lakini sangara wa chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa, na sheria haiulizi kama ulimjua jina. Kwa hiyo hili la kutambua samaki si mashindano ya wasomi. Usipomjua uliyemshika, hujui kama unatakiwa kumrudisha, hujui atakuchoma wapi, na hujui kama umeona kitu ambacho watu wengine wangetamani kukiona.

Leo sina orodha ya majina ya kuwakaririsha. Nataka mkishika samaki msiyemjua, msianze kwa kuuliza anaitwaje. Anzeni kwa kumtazama. Jina lije mwisho kabisa, na wakati mwingine lisije.

Majina yenyewe yanadanganya sana. Chukueni ngege. Mwingereza Michael Graham alipokuja kulichunguza ziwa hili mwaka 1927 na 1928, ngege ndiye aliyekuwa samaki wa maana kuliko wote, hata jina la kitaalamu alilompa, esculentus, maana yake ni wa kuliwa. Baadaye nyavu zilimwandama, na katika miaka ya 1950 akaletwa sato kutoka nje ya ziwa hili, halafu sangara. Ngege wa asili akapungua mpaka leo wa kumtafuta ni kwenye viziwa vidogo vya pembeni, kama Kanyaboli kule Siaya, Kenya. Jina lake je? Jina halikufa. Ukivuka kwenda Kisumu ukaagiza ngege, utaletewa sato. Samaki kaondoka, jina limevaliwa na mgeni. Sasa mzee wa Musoma akikwambia "mimi jana nimekula ngege", unajua amekula nini? Hujui. Umejua ameshiba tu.

Au dagaa. Dagaa wetu wa hapa na dagaa wa Kigoma wanauzwa fungu kwa fungu sokoni kama ndugu, kumbe hawana udugu. Wa kwetu ni wa ukoo mmoja na ningu na kuyu. Wa Tanganyika ni wa ukoo wa samaki wa baharini, akina simu na sadini, ambao waliingia ziwani zamani sana wakabaki. Vilevile sangala anayesifiwa mahotelini Bujumbura ni ndugu wa karibu wa sangara wetu, lakini si yeye. Tanganyika ina jamii nne za huo ukoo, mgebuka akiwemo. Mtu wa Kigoma na mtu wa Mwanza wanaweza kubishana juu ya sangara mpaka usiku wa manane, na wote wawili wana haki.

Kwa hiyo tuuache ulimi, tufuate macho na vidole.

Swali la kwanza ni ngozi au magamba. Hili linapunguza nusu ya kazi. Mwenye ngozi tupu na masharubu yupo kwenye kundi la kambare, na hapo wengi mnakosea kwa kumwita kila mwenye sharubu kambare. Tazameni mgongoni. Kambare ana pezi moja refu laini linaloanza karibu na kichwa na kwenda mpaka mkiani, na kichwa chake ni bapa, kigumu kama kifuniko cha sufuria. Mbofu ana pezi fupi mgongoni, na nyuma yake kuna kipezi kingine kirefu cha nyama tupu, hakina mwiba wala ubavu ndani. Ukikibonyeza kinalala kama sikio. Nembe ni mwembamba, wa rangi ya fedha, pezi la mgongoni dogo sana liko mbele, lakini pezi la chini linatambaa tangu tumboni hadi mkiani. Mkimwona mara moja akiwa hai hamtamsahau.

Halafu gogogo. Huyu anajitambulisha mwenyewe. Mtoe majini, nyamaza, sikiliza: anakoroma. Ule mwiba wa kifuani anausugua kwenye kiungo chake, ndiyo sauti, na ndiyo jina. Sharubu zake za chini zina matawi kama mizizi. Na ile miba mitatu, mmoja mgongoni na miwili kifuani, akiisimamisha anaifunga kwa komeo; huwezi kuilaza kwa nguvu. Kovu hili kwenye kidole gumba changu ni la gogogo wa mwaka ambao nilikuwa na umri wenu, nilipodhani kambare na gogogo hushikwa namna moja. Nilishika kwa kiganja kizima. Ndoano aliitema mwenyewe, mimi ndiye niliyebaki nimenasa.

Kamongo simuweki popote. Ana magamba, lakini yamezama kwenye ute mpaka unadhani ni ngozi. Mapezi yake ya kifuani na tumboni ni nyuzi nne tu zinaning'inia kama kamba za viatu. Anavuta hewa kama sisi, kwa hiyo kumwacha juu ya mwamba nusu saa ukidhani amekufa ni kujidanganya. Na anauma. Msimtoe ndoano kwa kidole, kateni mshipi. Ndoano moja haina bei ya kidole.

Upande wa magamba, ningu ana mdomo uliogeukia chini na midomo minene, kwa ajili ya kukwangua mawe. Kuyu ana magamba makubwa na sharubu mbili ndogo kila upande wa mdomo; hizo sharubu zimewafanya watu wamwite "kambare mwenye magamba", jina ambalo naomba life leo hapa hapa. Wote wawili ukiingiza kidole kinywani hukuti meno. Domodomo mnamjua kwa pua yake iliyoinamia chini kama ya tembo. Msichokijua ni kwamba sehemu ile nyembamba kabla ya mkia inatoa umeme, mdogo, wa kumsaidia kupapasa njia kwenye maji ya tope. Hautawapiga.

Nilikuwa nataka kuingia kwa sato na jamaa zake ndipo kule mwisho wa mwamba kijana akapiga kelele, fimbo imepinda. Tukasimama wote. Alipomleta, aliyemtangulia alikuwa ameshasema: "Sato huyo, mzee, mdogo." Nikasema hakuna kutaja jina. Lowesheni mikono kwanza, maana mkono mkavu unamvua samaki ute wake, na huyu huenda anarudi.

Tulimlaza kwenye jani la mgomba lililolowa, kichwa kushoto. Urefu, kama kalamu ya wino. Nikamwomba binti mmoja ataje anachokiona, si anachokijua. Akasema: magamba. Pezi la mgongoni ni moja, refu, mbele lina miba na nyuma ni laini, halijakatika. Nikasema kwa hiyo sangara si yeye. Mstari wa ubavuni? Akainama karibu: unaanza juu nyuma ya shavu, unakatika, kisha unaanza tena chini yake kuelekea mkiani. Tundu za pua? Moja kila upande. Vizuri. Mstari uliokatika na tundu moja moja za pua: huo ni ukoo mmoja mkubwa wa sato, ngege na wale samaki wadogo tunaowaita furu, wote. Tumeshaingia nyumbani, sasa tutafute chumba.

Mkia, nikauliza. Hapa ndipo penye ushahidi. Sato ana mistari myembamba ya wima mkiani, imepangika tangu mwanzo wa mkia hadi ukingoni, kama mtu ameichora kwa rula. Ngege hana. Huyu wetu alikuwa na madoa madoa hafifu, mistari hakuna. Binti akaendelea bila kuulizwa: tumbo ni jekundu, hasa chini ya kifua. Na hapa, akaonyesha kwa ncha ya ukucha, kwenye sehemu laini ya pezi la mgongoni kuna doa jeusi limezungukwa na umanjano.

Nikawaambia wasogee wote. Doa lile ni la kuangaliwa kwa hadhari, kwa sababu sato na wenziwe wakiwa wachanga sana nao huwa nalo, likafutika wanapokua. Lakini samaki wa ukubwa huu, mwenye doa lililoiva hivyo, tumbo jekundu na mkia usio na mistari, si sato. Huyu ni wa jamii ambayo wataalamu wanaiita zilii, naye ni mgeni aliyeletwa katika miaka ileile ya 1950. Ana tabia tofauti kabisa. Sato jike akitaga huyachukua mayai kinywani na kuyalea humo. Ndiyo maana mara nyingine mnamvuta sato mnaona anatema vitu vya njano, mnasema anatapika. Anatema wanawe. Zilii hutaga chini kwenye mchanga au jiwe, wazazi wakalinda. Mmoja amebeba mtoto mgongoni, mwingine anamchungia barazani.

Tukampiga picha, tukamrudisha. Aliyemvua hakufurahi sana.

Tuendelee. Wapo jamaa wengine kwenye nyumba hiyo: yule mwenye vidoa vyeupe kwenye mapezi, na yule ambaye dume lake lina ukingo wa rangi ya chungwa kwenye pezi la mgongoni, huyo ni mwenyeji wa ziwa hili na siku hizi ni adimu. Mkimpata huyo wa pili, nipigieni simu hata kama ni usiku. Na jihadharini na wekundu kwa jumla. Sato dume akiwa kwenye msimu wa kuzaliana hupakwa wekundu kwenye mapezi, mkaja kuniambia ni samaki mwingine. Angalieni mkia. Rangi inabadilika na msimu, na maji, na hofu, na kifo. Mistari ya mkia haibadiliki kirahisi hivyo. Hata hapo, sato huzaa na ndugu zake wa karibu, mkapata samaki aliye katikati ya hapa na pale. Ukimkuta huyo usimlazimishe jina. Andika "wa ukoo wa sato" ulale.

Na sasa furu. Nimewaweka mwisho kwa sababu hapo nawaomba mkubali kushindwa.

Ziwa hili lilikuwa na aina za furu zaidi ya 500. Wanajiolojia wanasema miaka kama 15,000 iliyopita lilikauka, kwa hiyo wingi wote ule umetokea au umejipanga upya katika muda ambao kwa mambo ya ziwa ni jana jioni. Walikuwepo wala konokono, wala mwani wa kwenye mawe, wala samaki wenzao, na wengine waliokula mayai na vichanga kutoka vinywani mwa mama wa furu wengine. Mwaka 1977 watafiti wa Kiholanzi kutoka Chuo Kikuu cha Leiden waliweka kambi hapa Mwanza kuwachunguza, na wakajikuta wanahesabu jamii inayopotea mbele ya macho yao, maana miaka ya 1980 sangara aliongezeka ghafla na furu wakaisha kwa mamia. Waliobaki wengi ni hawa wa kwenye miamba, chini ya miguu yenu.

Furu dume mtamjua kwa rangi na kwa vidoa vya njano au chungwa kwenye pezi la chini, vinavyofanana na mayai. Jike ni wa kijivu tu. Ndiyo shida: majike wa aina tano tofauti mkiwapanga, mimi mwenye miaka yangu yote ya kazi ya uvuvi siwezi kuwatenganisha hapa ufukweni, na aliyeweza anahitaji kuangalia meno kwa hadubini. Wao wenyewe wanatambuana kwa rangi, na maji yakiwa machafu rangi hazionekani, jike akakosea dume. Mtaalamu Ole Seehausen na wenzake walilionyesha hilo mwaka 1997, na sehemu kubwa ya kazi yao ilifanyika kwenye visiwa vya Ghuba yetu hii ya Mwanza. Maji yakiwa na tope, aina mbili zinarudi kuwa moja.

Yupo mmoja hata hivyo ambaye nataka mumjue. Dume lake lina mgongo mwekundu, ubavu wa manjano na mistari meusi ya wima. Jina lake la kitaalamu ni nyererei. Ndiyo, ni Mwalimu. Alipewa jina hilo mwaka 1985, mwaka uleule Mwalimu aling'atuka. Wapenda samaki wa Ulaya na Marekani wanamfuga kwenye matangi ya vioo sebuleni, na sisi tunamfanya chambo cha sangara. Sisemi msimfanye chambo. Nasema mjue mnamtundika nani kwenye ndoano.

Wengine wote, mkipata furu, semeni "furu" mkaishie hapo. Ni jibu sahihi kabisa. Jibu fupi la kweli ni bora kuliko jina refu la kubahatisha.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Neno moja la picha, na ushauri mmoja wa afya: simameni juu ya mwamba, msisimame majini, kichocho cha Mwanza hakijaisha.

Picha pigeni samaki akiwa bado anapumua au mara tu akitoka, kabla rangi haijafifia. Mlalisheni ubavu, kichwa kushoto, kwa sababu ndivyo vitabu vyote vinavyowachora na ni rahisi kulinganisha. Fungueni mapezi kwa kidole. Pezi lililolala halisemi kitu. Wekeni kiberiti pembeni ili ukubwa ujulikane, maana picha ya samaki peke yake inaweza kuwa ya furu au ya nyangumi. Picha ya pili ni ya mkia peke yake, ya tatu ya mdomo kwa mbele. Andikeni mahali, saa, chambo, na kama chini palikuwa mawe, mchanga au matete. Mkiona bado hajulikani, mwekeni kwenye barafu mzima mzima, kituo cha TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, kipo hapahapa mjini.

Nasisitiza mzima mzima. Nilipokuwa Ukerewe, kijana bado, jioni moja nilivua samaki kwenye matete ambaye sikuwa nimemwona na sijamwona tena. Nilimbeba nyumbani kwa furaha ili kesho yake nimwonyeshe bwana mkubwa wangu wa kazi. Nikamweka jikoni, nikaenda kuoga. Niliporudi mama mkwe alikuwa ameshaniheshimu: magamba yamekwanguliwa, mapezi yamekatwa, kichwa kimepewa paka, vipande vinne vimekaa kwenye chumvi na limau. Ningesema nini? Nilikaa nikala. Alikuwa mtamu, na hilo ndilo jambo pekee la uhakika ninaloweza kuwaambia juu yake.

Haya, yule fimbo yake inacheza pale. Lowesha mikono, na usiseme jina.